EAT, +03:00, Z au Africa/Dar_es_Salaam: uandike ipi kwenye kumbukumbu zako?

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuulizwa "saa za wapi?" Sisi wa Nyanda za Juu Kusini swali hilo tunalo mlangoni. Ukitoka Mbeya mjini ukashika barabara ya Tunduma, mwendo wa kilomita kama mia moja, unafika mahali ambapo mtu wa ng'ambo ya pili, pale Nakonde, saa yake iko nyuma ya yako kwa saa moja. Ukishuka Kyela mpaka Kasumulu, ukivuka mto Songwe uko Malawi, na huko nako ni hivyo hivyo. Zambia na Malawi zinafuata saa za Afrika ya Kati, ambazo kifupisho chake ni CAT: saa mbili mbele ya UTC, ile saa ya dunia ambayo kanda nyingine zote hupimwa kwayo. Sisi tunafuata saa za Afrika Mashariki, EAT: saa tatu mbele.

Kwa jua lenyewe sisi ni wa upande wa majirani. Mbeya iko karibu na nyuzi 33 na nusu za longitudo mashariki, kwa hiyo kwa wastani jua linatusimamia utosini saa saba kasorobo, wakati saa sita imeshapita zamani. Ukanda wa saa ni amri ya serikali, na amri huweza kubadilika. Hilo litakuwa na uzito baadaye.

Kazi yangu ni kufunga mifumo midogo ya kumbukumbu: vituo vya maziwa, maghala ya parachichi, ofisi za malori. Kila mteja hufika mahali akauliza tuandikeje saa. Huu hapa ni muda mmoja tu, saa mbili na robo asubuhi ya Mbeya, ukiandikwa kwa namna nne:

2025-03-04 08:15 EAT
2025-03-04T08:15:00+03:00
2025-03-04T05:15:00Z
2025-03-04T08:15:00+03:00[Africa/Dar_es_Salaam]

Kwa macho zinafanana kutosha mtu aseme chagua yoyote. Mimi nasema hapana, na nimefikia hapo kwa kosa nililolifanya mwenyewe.

EAT: herufi tatu zinazoaminiwa kupita kiasi

Uzuri wa EAT ni kwamba watu wanaielewa. Mualiko wa mkutano ukisema "saa 9 alasiri EAT", mtu wa Iringa, Nairobi na Kampala wote wanajua. Kwenye bango, tiketi au ujumbe wa simu sina ugomvi nayo, ingawa hata huko napenda zaidi "saa za Afrika Mashariki" kwa maneno kamili.

Shida inaanza pale kompyuta inapoambiwa EAT, kwa sababu viwango vya kiufundi havikubaliani hata juu ya swali la kwanza: je, herufi hizo ni jina tu au zina maana?

Chukua POSIX, kiwango ambacho Linux na ndugu zake hukifuata. Kinaruhusu kuieleza kompyuta saa za mahali kwa mstari mfupi unaowekwa kwenye kigeu kiitwacho TZ: herufi za jina kwanza, kisha tofauti. Jina lisipungue baiti tatu, yaani herufi tatu za kawaida. Tofauti ni kile unachojumlisha kwenye saa ya hapa ulipo ili upate UTC. Isome polepole sentensi hiyo ya mwisho. Ili utoke 08:00 ya Mbeya ufike 05:00 ya UTC, unajumlisha hasi tatu. Kwa hiyo sisi ni EAT-3. Anayeandika EAT+3, kwa kuwa kila mahali amesoma kwamba Tanzania ni "UTC+3", amejipeleka magharibi ya Greenwich, kwenye saa za Brasília, mji mkuu wa Brazil.

Nami niliandika EAT+3.

Ilikuwa kituo cha kukusanya maziwa huko Rungwe. Mashine niliiandaa nikiwa Mbeya, nikaituma, nikamaliza kazi kwa simu na karani.

"Dada, washa. Saa inasomaje?"

"Saa mbili na dakika ishirini, fundi."

Nikatazama saa yangu: saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Tukaagana. Sasa fanya hesabu. Kosa la alama ya kujumlisha kwa kutoa, kwa nchi iliyo saa tatu mbele ya UTC, linazaa saa sita kamili. Na saa sita kamili ndiyo tofauti kati ya saa ya Kizungu na saa yetu ya Kiswahili. Skrini ilikuwa imeandika 2:20 pale ilipotakiwa kuandika 8:20, haikuonyesha asubuhi wala jioni, na karani aliisoma sawasawa kama inavyosomwa na kila mtu nyumbani. Jioni ilikuwa hivyo hivyo: saa kumi na moja, skrini 11:00. Pembeni imeandikwa EAT, herufi sahihi kabisa. Kwa majuma kadhaa hakuna aliyeona lolote.

Aliyeona ni mzee mmoja anayeamka mapema. Nyumbani kwake ni mbali na kituo, hivyo maziwa yake hufika alfajiri, saa kumi na moja na nusu, ndoo ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Siku ya malipo akanifuata na karatasi yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Tarehe moja nilileta lita kumi na nne. Hapa naona mstari mtupu."

Lita zake zilikuwepo, ila zilikuwa zimeandikwa tarehe 31 ya mwezi uliotangulia, saa 23:30. Kwa mashine ile siku mpya ilikuwa inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na kila aliyefika kabla ya hapo alihesabiwa jana. Kwa siku za kati jumla ya mwezi haikubadilika. Tarehe moja ndiyo ilivuja: hesabu za mwezi wa nyuma zilikuwa zimefungwa na kuchapwa jioni ya tarehe 31, na za mwezi mpya zilianza kuhesabu kuanzia tarehe moja. Lita kumi na nne zikaangukia katikati, na za wengine wanaowahi vilevile.

Nilirudi kwenye maandishi ya kiwango nikitafuta wapi yalinidanganya. Hayakunidanganya. Yamesema wazi kinachojumlishwa na kinachopatikana. Mimi ndiye niliyesoma alama ya kujumlisha kwa mazoea ya kwingine. Ila niliona jambo ambalo tangu siku hiyo nawaambia vijana wote ninaofanya nao kazi: katika mstari ule, EAT haifanyi kazi yoyote ya hesabu. Andika XYZ-3, saa itakuwa sahihi. Andika EAT+3, saa itakuwa ya Brasília na herufi zitaendelea kusema Afrika Mashariki.

Kuna ubaya zaidi ya huo. Andika EAT peke yake, bila tofauti. POSIX inataka tofauti iwepo, kwa hiyo mstari huo haujakamilika, na kila mfumo unajiamulia. Linux nyingi, zile zenye maktaba ya glibc, zinatafuta faili lenye jina hilo, zikilikosa zinakupa saa ya UTC huku zikiichapa EAT pembeni. Saa mbili asubuhi utaona "05:00 EAT". Java, lugha ya kuandikia programu, nayo ina orodha yake ya zamani ya vifupisho vya herufi tatu, na humo EAT imefungwa kwenye Africa/Addis_Ababa, kwa hiyo inakupa saa sahihi kwa kupitia Ethiopia. Nyaraka za Java zenyewe zinawaasa watu waache vifupisho hivyo, zikitoa mfano wa CST, ambayo ni saa za kati za Marekani na pia ni saa za China. Herufi zile zile, programu mbili, majibu mawili.

EAT angalau haina wapinzani wengi. Anayefanya biashara na India ana kazi kubwa zaidi, maana IST ni India, ni Israel, na ni Ireland wakati wa majira ya joto. Hifadhidata ya PostgreSQL ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida inaisoma IST kuwa ya Israel, na imeweka orodha nyingine pembeni kwa wanaotaka ya India. Ukipokea hati ya shehena imeandikwa 17:00 IST ukaiingiza bila kuuliza, umeshakosea kwa saa tatu na nusu. Hapo hapo kwenye PostgreSQL, ukiandika 'UTC+3' kama jina la ukanda, inasomwa kwa desturi ya POSIX, yaani magharibi. Ni shimo lile lile nililotumbukia.

Wasomaji wawili, sentensi moja

Barua pepe ina kiwango chake. Kile cha 1982, RFC 822 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti), kilitaja vifupisho vichache kwa majina: UT, GMT na vile vya Marekani. EAT haimo. Kilichokirithi, RFC 5322 cha 2008, kinasema vifupisho vingine vya herufi vinapaswa kuchukuliwa kuwa sawa na -0000, yaani UTC bila kujua saa za mahali, isipokuwa kama kuna taarifa kutoka nje ya ujumbe inayothibitisha maana yake.

Sasa waweke watu wawili mezani. Wa kwanza anasema: kila mtu anajua EAT ni saa tatu mbele, imeandikwa kila mahali, hiyo ndiyo taarifa ya nje. Wa pili anasema: taarifa ya nje ni makubaliano kati ya anayetuma na anayepokea, umaarufu wa kifupisho si uthibitisho. Na neno "inapaswa" halina nguvu ya "lazima". Mwenye sababu nzuri anaruhusiwa kwenda kinyume. Wote wawili wamesoma vizuri, na barua ile ile inapokelewa kwa tofauti ya saa tatu.

Mimi naegemea kwa wa pili, kwa sababu IST nayo ni maarufu. Lakini jambo ninalolisimamia zaidi ni hili: usitoe kumbukumbu zako zikaamuliwe na ugomvi huo. Tafuta uandishi ambao wote wawili, wakiendelea kubishana, watafikia saa ile ile. Kipimo hicho ndicho ninachokitumia kwa kila kiwango chenye maneno ya utata.

Kipimo hiki kinasaidia hata kwenye vitu vidogo. POSIX tangu 2001 inakubali jina lenye tarakimu na alama, mradi liwekwe kati ya < na >. Je, alama hizo mbili zinahesabiwa katika zile baiti tatu za lazima? Maandishi yanasema hazimo ndani ya jina. Kwa hiyo <+03>-3 ni halali, jina lina baiti tatu. <+3>-3 lina mbili, na kiwango kinasema tafsiri yake haikuainishwa: mfumo mmoja utakubali, mwingine utakataa, na hakuna wa kulaumiwa. Andika <+03>-3, ubishi umekwisha kabla haujaanza.

+03:00 dhidi ya Z

Tofauti kwa tarakimu ndiyo ninayoipenda kwa jambo lililokwisha kutokea. Twende Tunduma. Lori limegongewa muhuri wa kutoka saa 14:00, likagongewa wa kuingia saa 13:20. Ukisoma karatasi hizo bila zaidi, lori limeingia Zambia dakika arobaini kabla halijatoka Tanzania. Andika tofauti ya kila upande na kila kitu kinajieleza: 14:00+03:00 kutoka, 13:20+02:00 kuingia, dakika ishirini. Hakuna kamusi inayohitajika, hakuna orodha ya vifupisho, mtoto wa darasa la tano anaweza kutoa hesabu hiyo. Angalia tu kwamba alama hapa inafuata desturi ya ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa: kujumlisha ni mashariki, kinyume cha ule mstari wa POSIX.

Udhaifu wake ni kwamba unategemea mashine ijue iko wapi, na mpakani mashine hazijui. Simu ikinasa mnara wa upande wa Nakonde inarudi nyuma saa moja papo hapo. Mtandao wa simu huipelekea simu tofauti iliyopo kati ya saa za hapo na UTC, kwa vipande vya robo saa, tarakimu tupu. Nchi simu inaijua kwa namba nyingine ya mtandao, 640 kwa Tanzania, 645 kwa Zambia, 650 kwa Malawi. Kwa hiyo kwa kifaa kinachokaa Tunduma au Kasumulu nazima kusahihisha saa kwa mtandao na kuweka ukanda kwa mkono. Kikisafiri na lori, nakiacha, mradi tu kinaandika tofauti yake kila mara.

Z inafanya kazi nyingine. Inasema muda ni huu kwa UTC, basi. Kwa seva zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe sioni kinachoishinda: kupanga kwa mfuatano ni rahisi na hakuna mpaka wa kuvuka. Ubaya wake ni kwamba inafuta mahali. Ukisoma 05:15Z huwezi kujua kama mzee yule alikuja alfajiri ya Rungwe au asubuhi ya kwingine, na ripoti yoyote ya "kwa siku" lazima kwanza irudishe saa za hapa.

Hapa nako maandishi yalikuwa na utata kwa muda mrefu. RFC 3339 ya 2002, kiwango cha kuandika tarehe na saa kwenye intaneti, ilitenganisha +00:00, yaani saa za mahali ni zile zile za UTC, na -00:00, yaani muda wa UTC unajulikana ila saa za mahali hazijulikani. ISO 8601 hairuhusu -00:00 kabisa. Z ikabaki katikati: ni +00:00 au ni -00:00? Watu walikuwa wanaitumia kwa maana ya pili, na RFC 9557 ya 2024 ikakubali matumizi hayo, ikasema Z haidai chochote kuhusu saa za mahali. Nasi tuisome hivyo. Anayetaka kusema mahali aandike tofauti.

Jina la mahali, kwa yale yajayo

Tofauti kwa tarakimu inakosea pale tu unapoandika jambo ambalo bado halijatokea. Sudan ilikuwa kwenye EAT, na Novemba 1, 2017 ikarudi saa moja nyuma ikawa CAT. Sudan Kusini ikafanya vivyo hivyo Februari 1, 2021. Mtu wa Iringa aliyepanga mwaka 2020 kumpigia simu mteja wa Juba kila Jumatatu saa nne asubuhi ya Juba, akahifadhi 10:00+03:00, mwaka uliofuata alikuwa anapiga saa tatu. Aliyehifadhi 10:00 pamoja na Africa/Juba, simu yake ilijirekebisha mara tu kompyuta ilipopokea sheria mpya. Mnunuzi wa London anatulazimisha jambo hilo hilo mara mbili kila mwaka: saa tisa alasiri ya Mbeya ni saa sita mchana kwake wakati wa baridi, na saa saba wakati wa joto.

Majina haya yanatoka kwenye hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson, na tangu 2011 inapatikana chini ya IANA, taasisi inayotunza majina na namba za intaneti. Utunzaji wake ni wa makini. Kuanzia 2016 watunzaji walianza kuviondoa vifupisho walivyokuwa wamevibuni wenyewe, wakaweka tarakimu kama +04 kwa Dubai. EAT na CAT vilibaki kwa kuwa watu wanavitumia kweli. Ukizingatia, hata wao wamekiri kwamba kifupisho ni lebo.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, hakuna Africa/Mbeya. Nimeikuta imeandikwa zaidi ya mara moja, na zile Linux za glibc hazilalamiki, zinakupa UTC yenye lebo "Africa". Nchi nzima ni Africa/Dar_es_Salaam, pamoja na mistari yake ya chini. Pili, siku hizi jina hilo ni njia ya kuelekea Africa/Nairobi tu, kwa kuwa tangu 1970 saa za miji hiyo miwili hazijatofautiana. Kwa maziwa na parachichi haina madhara. Kwa anayeingiza kumbukumbu za kabla ya 1970 za misheni au za hospitali, asiiamini kwa dakika.

Kwa hiyo mteja akiniuliza leo, jibu langu linategemea swali moja: limeshatokea au litatokea? Likiwa limetokea, +03:00, na ikiwezekana jina la mahali kwenye mabano ya mraba kama mstari wa nne kule juu, ambao RFC 9557 umeuruhusu. Likiwa litatokea, saa ya ukutani pamoja na jina la mahali, bila kuhesabu tofauti mapema. Z nawaachia seva. EAT nawaachia binadamu, na kwenye skrini ya karani siku zote naweka saa ishirini na nne pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, ili 02:20 ya asubuhi isipite tena bila mtu kushtuka.

Kile kituo cha Rungwe sasa kina TZ=Africa/Dar_es_Salaam. Nilipitia kila mstari uliokuwa na saa kati ya 18:00 na 23:59, nikausogeza mbele saa sita, karani akilinganisha na daftari lake la mkono, jina kwa jina. Mzee alilipwa lita zake kumi na nne pamoja na za mwezi uliofuata. "Ndaga fijo," akasema, akaikunja karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa shati.